Rudisheni Uso wa Mke Wangu

Waheshimiwa Majaji wa Tuzo ya Kimataifa ya Sanaa ya Dijitali,

Nawasalimu kwa heshima zote, kila mmoja kwa cheo chake na nyote kwa pamoja kama jopo. Mimi ni mchoraji wa rangi za mafuta na mwenyekiti, kwa miaka kumi na minne sasa, wa Chama cha Wachoraji wa Brashi, chenye wanachama kumi na mmoja, viti tisa na hotuba nyingi, karibu zote zangu. Katika hotuba hizo nimeuita uchoraji wa kompyuta uvivu uliochomekwa kwenye umeme. Siku tisa zilizopita mlinitangaza mshindi wa pili wa tuzo yenu. Nimetafakari kwa kina la kufanya, na nimeona lililo bora ni kulalamika.

1. Picha mliyoitunuku siyo niliyoichora. Nilimchora mke wangu, fundi cherehani, akiwa kazini, utepe wa kupimia shingoni. Alinikalia siku kumi na moja, akiinuka kwa ajili ya wateja tu. Rangi ikiwa bado mbichi, na kabla sijamruhusu hata yeye kuitazama, maana kazi mbichi simwonyeshi mtu, niliipiga picha kwa simu na kuituma kutoka duka la kompyuta lililo mkabala na nyumba yetu. Mtandao ukakatika njiani. Na kwa kuwa picha husafiri ikianzia juu, nami simu niliishika kichwa chini miguu juu, kosa ninalolikiri mbele yenu bila kushurutishwa, sehemu iliyopotea ikawa ya kichwani. Mlichopokea ni cherehani, mikono, kifua, na kuanzia shingoni kwenda juu, mistari ya kijani.

2. Mtauliza mtu wa brashi alifuata nini kwenu. Tangazo lilisema kazi zote zitumwe kwa kompyuta. Nikajiambia: yangu nayo itatumwa kwa kompyuta, basi sharti limetimia. Na fomu ilipouliza teknolojia iliyotumika, niliandika ukweli mtupu: "Brashi namba sita, mafuta ya kitani na kitambaa cha kufutia." Ninyi mmelisifu jibu hilo kuwa "dhihaka kali dhidi ya zama zetu." Waheshimiwa, haikuwa dhihaka. Ilikuwa brashi namba sita.

3. Mmeandika, na hapa ndipo penye kidonda, kwamba "msanii amethubutu kuuondoa uso wa mwanamke na kuweka mahali pake ukimya wa mashine." Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye tunaishi naye na ambaye hajui kusoma kimoyomoyo, aliisoma sentensi hiyo sebuleni mara mbili. Tangu siku ile, ukimya uliomo nyumbani kwangu si wa mashine. Mke wangu anaamini nilimkata kichwa makusudi ili nishinde. Hanisemeshi. Chai ikiwa tayari humgeukia kaka yake, nami nimeketi hapo hapo, magoti yakikaribia kugusana: "Mwambie mwenye tuzo chai yake inapoa." Shemeji hunigeukia: "Shemeji, umeambiwa chai inapoa." Namtuma ahsante. Hata hiyo ahsante akiifikisha huwa ameipunguza.

Wateja nao hawamwachi apumue. "Fundi, kichwa leo umekiacha wapi?" "Fundi, gauni langu litiwe kola, au siku hizi mnaishia mabegani?" Juzi alifunika cherehani na kutamka, kwa kupitia njia ile ile ya kaka mtu, kwamba hatanisemesha mpaka dunia iliyomwona bila uso imwone akiwa nao. Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na mitatu. Nikimkosa yeye, tuzo nitaitundika ukuta upi, na nani atanyoosha kidole kuniambia imekaa upande?

4. Chama changu kimeharibika. Katibu, ambaye huchora mabango ya vinyozi, amesimama mkutanoni na kusema, "Mwenyekiti, usitubanie. Tufundishe kukosea." Nilisimama kumkemea. Nikajikuta natoa maelezo marefu, tena kwa mifano, juu ya namna ya kuigeuza simu. Wakanipigia makofi ambayo hotuba zangu zote hazijapata kuyaona. Nasikitika kuripoti kwamba niliinama kuyapokea.

5. Mwenye duka la kompyuta, mama makini asiyependa mzaha, amechunguza chanzo cha mtandao kukatika. Waya ulitafunwa na panya nyuma ya kabati. Kwa hiyo, tukifuata hoja yenu wenyewe kwamba ushindi umo ndani ya ile mistari, aliyeshinda si mimi. Haki inataka tuzo apewe panya. Nimelipeleka jambo hili kwa mama huyo, naye amenijulisha kwamba msanii amekwisha kutegewa sumu na sasa ni marehemu. Naomba jopo lieleze iwapo kanuni zinaruhusu kumtunuku aliyetangulia mbele ya haki, na nani ataitwa jukwaani kwa niaba ya familia.

6. Kwa sababu hizo nadai mambo mawili, wala sitapokea moja nikaacha jingine: mnivue ushindi hadharani, kisha muitundike picha kamili ukumbini, uso ukiwa mahali pake, ili nami nirudi kusemeshwa nyumbani kwangu. Waya umetengenezwa. Picha nzima nimekwisha kuituma leo asubuhi, safari hii simu ikiwa wima, nayo imeitangulia barua hii.

Nawatakia kazi njema. Salamu ziwafikie walinzi wa ukumbi, wapiga picha, mshindi wa kwanza, na hata mshindi wa tatu, ambaye nadhani kazi yake ilifika nzima na ndiyo maana akawa wa tatu.

Wenu mwenye majonzi na msimamo,
Mwenyekiti, Chama cha Wachoraji wa Brashi

Nyongeza: Kabla barua hii haijatumwa, mke wangu alivuka barabara kuja dukani kuhakikisha uso wake umekwenda. Mama wa duka akaifungua picha nzima kwenye kioo kikubwa cha kompyuta. Mke wangu akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama kaka yake. Shemeji akajishika kidevu, kana kwamba anahakikisha hakijahamia pichani. Ndipo mke wangu akanigeukia mimi mwenyewe, bila mjumbe, kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa: "Mume wangu, hao majaji ni watu wa heshima. Wamenisitiri." Kwa hiyo madai yote yaliyotangulia nayafuta, ushindi naupokea, na tutakuja wawili. Picha ya leo asubuhi naomba isifunguliwe. Ikiwa mmekwisha kuifungua, basi mjue kwamba huyo mliyemwona ni shemeji.