Harika wa Ken na Valvu Nne za Uingereza

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Ukungu mpaka mlangoni. Amplifaya yangu ya hedifoni imeanza kukwaruza! Sikio la kushoto. Krrr, kimya, krrr. Nimeigonga kwa kijiko, ikazidi. Ni valvu, hakuna ubishi: vile vichupa viwili vya kioo vinavyowaka juu yake na kuipa sauti utamu. Mimi si mtu wa kubahatisha. Miaka thelathini na moja nilionja kahawa kwa mshahara, nikifyonza na kutema. Masikio yako jirani na ulimi.

Ken, mwanangu, aliyenipa amplifaya hii, alinishauri kwa simu nitafute valvu mpya mjini Nyeri. Nimejaribu jozi ya Kichina pale pale dukani. Chachu, mwisho mkavu, na bado krrr! Nimeirudisha. Nje nikagongana na Gicheru, ambaye tulionja naye kahawa meza moja. Naye ana amplifaya ya valvu. Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba valvu zake ni za Uingereza, za zamani, na mtu akishazisikia hawezi kurudi nyuma. Kisha akauliza kama mimi bado natumia zile zilizokuja na amplifaya. Bado! Mbele ya muuza ndizi!

Jumanne, 5 Agosti
Mke wangu Watiri ameenda Kangari kumchukua dadake, Njoki, kwa ajili ya ruracio, yaani kupeleka mahari ya Ken kwa kina Wendy, mchumba wake. Watarudi Ijumaa. Ameniachia kazi moja tu: kumlisha harika. (Wajukuu watakaosoma shajara hii wajue: ruracio hufunguliwa na wanyama wawili majike, mwati ambaye ni kondoo, na harika ambaye ni mbuzi. Wote wawe hawajawahi kuzaa wala kupandwa. Watiri amemlea huyu wetu kama binti.)

Nimempigia Mohamednoor, mfanyabiashara wa mifugo kule Nanyuki. Ofisini kwake kuna redio ya marehemu babake, na niliwahi kuona sanduku la valvu za akiba. Anasema ni nne, zingali kwenye karatasi, za Uingereza, miguu tisa kila moja. Miguu tisa! Kama zangu! Hauzi kumbukumbu ya baba kwa pesa, lakini kwa mbuzi jike mzuri angefikiria.

Nikatazama uani. Harika akanitazama.

Jumatano, 6 Agosti
Nanyuki. Mohamednoor alimpapasa harika mgongo, akamfungua mdomo, akahesabu meno. Akaniambia, “Mzee, huyu ni msafi. Mama anajua?” Nikajibu haraka kwamba anajua, na kwamba nyumbani wamejaa. Yuko huyo mmoja.

Akasisitiza nijaribu valvu kabla ya kupeana mikono. Nilikuwa nimebeba amplifaya. Binti yake, Nasro, akaona pini ya hedifoni ina mafuta ya chapati, akaifuta kwa mtandio wake. Mtoto nadhifu. Nikachomeka, nikawasha, nikangoja zipate moto.

Jamani! Krrr imekwisha! Chini kuna uzito, katikati asali, mwisho mrefu wenye ndimu kidogo. Nimemsikia mpiga gita akivuta pumzi. Nikampa Mohamednoor asikilize. Akasema ni wimbo. Basi, kila mtu na fani yake.

Alhamisi, 7 Agosti
Siku ya soko Karatina. Wasije wakasema sikuwa na mpango! Mpango ulikuwa huu tangu mwanzo: kununua harika mwingine anayefanana. Kahawia, soksi nyeupe mguu wa nyuma. Nimempata kabla ya saa nne. Muuzaji alikuwa na haraka na bei yake ilikuwa ya huruma, kwa hiyo sikumsumbua kwa maswali. Mnyama ana afya. Ana tumbo zuri.

Ijumaa, 8 Agosti
Watiri amerudi, akasema harika amenenepa. Nikamwambia ni upendo. Njoki alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, akamtazama mbuzi tena. Nikaenda kupasua kuni.

Jioni nikamwita Gicheru. Nikamvisha hedifoni. Alisikiliza dakika nne nzima, kisha akasema si mbaya. Kwa Gicheru, huko ni kulia machozi. Nimelala na raha yangu.

Jumamosi, 9 Agosti
Kagio, kwao Wendy. Aibu! Mwati alipita. Kisha Kagure, shangazi yake Wendy, akamshika harika tumbo. Mara moja tu.

“Ati hii ni harika? Hii iko na watoto mbili ndani!”

Nikaanza kusema kwamba hiyo ni baraka ya ziada, mbuzi watatu kwa mmoja. Hakuna aliyecheka. Ken akanitazama, na sijawahi kuuona uso wa mwanangu umekuwa mdogo hivyo. Wendy alikuwa ameinamisha kichwa. Hapo niliogopa kweli. Nikasimama, nikasema yote: valvu, Nanyuki, Karatina. Nikasema kosa ni langu, kijana hajui lolote.

Mabega ya Wendy yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Babu yake, mzee Mwai, naye akaanza, halafu wazee wote. Uamuzi: mbuzi huyu abaki kama faini, na harika wa kweli aletwe Jumamosi ijayo, bila hivyo hakuna kuendelea. Tukanywa chai sebuleni kwa mzee Mwai. Nyumba nzuri, ina vitu vya zamani.

Watiri alikaa kiti cha nyuma na Njoki mpaka Nyeri.

Jumapili, 10 Agosti
Ken ameirudishia amplifaya valvu zangu za kwanza. Hakuna krrr! Akauliza ni nani aliyesafisha pini. Nikamkumbuka Nasro na mtandio wake. Nikasema simjui.

Akaning'ang'ania nijaribiwe. Njoki akazibadilisha mara tatu nyuma ya shuka, mimi nikitaja zipi ni za Uingereza. Nimekosa mara tatu. Sikuwa nimekunywa chai.

Watiri amempigia Mohamednoor. Harika hajamuuza! Alimtenga, maana, kasema, mzee anayejibu haraka hivyo, mama hajui. Valvu zirudi, harika arudi.

Jumanne, 12 Agosti
Harika yuko nyumbani, amefungwa chini ya dirisha la jikoni. Ken amepiga simu akicheka. Watiri ameniongezea nyama. Amplifaya inaimba na valvu zile zile zilizokuja nayo. Gicheru amesikiliza bila kujua, dakika nne, akasema si mbaya. Nimetosheka. Sitaki kitu kingine maishani.

Ila sebuleni kwa mzee Mwai, nyuma ya kitambaa, kuna redio ya mbao ya Kijerumani. Nilichungulia mgongoni wakati wa chai. Valvu sita! Miguu tisa! Nimempigia leo. Pesa hataki, lakini mbuzi jike mzuri angefikiria.

Sasa, harika wetu si anaelekea boma lile lile? Nikimpeleka Alhamisi, Jumamosi watamkuta tayari yuko pale. Nani atakuwa amepungukiwa? Alhamisi Watiri yuko kwenye chama cha akina mama mpaka jioni, na harika ameshazoea gari.