Kwihara Nzima Kwenye Merikani

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nimemaliza kutarizi! Kitambaa cha merikani mita mbili, nyuzi rangi kumi na moja. Kwihara nzima imo. Makanisa, msikiti, tumbaku, ng'ombe, njia ya misafara. Watu arobaini na watatu, kila mtu na pua yake. Na pembeni babu yangu Limbu, mpagazi, pembe ya ndovu begani, anashuka pwani. Zahanati mpya inataka kitambaa kimoja cha ukuta wa mapokezi. Kitakuwa changu. Limbu hajaandikwa hata kwenye kibao cha kumbukumbu ya misafara. Sasa kila mwenye homa atamwona.

Mwalimu Levina, anayetufundisha sanaa, kakitazama weee. Akasema kizuri, Bibi, ila macho hayajui yatue wapi. Nipunguze. Nichague kitu kimoja tu cha hapa kwetu. Nikamuuliza, yeye sokoni hununua nyanya moja? Akacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Wifi yangu Tekla katarizi mzinga wa nyuki. Mmoja! Kasifiwa. Uvivu siku hizi ni sanaa.

Jumanne, 4 Juni

Nimepunguza. Nimeanza na Mfaume. Mzaramo yule, kaletwa na treni, kaoa hapa, anakula kila nyumba kwa kisingizio cha utani. Nikamfumua. Miguu ilitoka upesi. Tumbo lilinimalizia asubuhi. Akafuata Bundala, aliyenirudishia ungo umetoboka. Kisha wanakwaya wote wanaonikanyaga wakipita. Wamebaki kumi na tisa, wote wananiamkia vizuri.

Mwalimu kasema bado wengi. Mtoto hatosheki huyu!

Alhamisi, 6 Juni

Akili imenijia napepeta mahindi. Mtani akikunyakulia kitu mbele za watu, huruhusiwi kununa. Unakikomboa kwa anachotaka, la sivyo kimekwenda. Ndivyo ilivyo tangu babu zetu walipokuwa wakipita Uzaramo na mizigo. Na Tekla ni bahili, hatakomboa!

Nikamwita Mfaume, nikampa jogoo. Jumamosi, kabla watu wa zahanati hawajachagua, anyakue kitambaa cha wifi. Akaniita mke wangu, akaapa. Kisha akataka kujiona kwenye kitambaa changu. Nikamwambia nimekifua. Akatazama kamba. Tupu. Akatazama beseni. Kavu. Akaondoka na jogoo, chakula hakuomba. Mfaume huyo! Nikadhani kashiba.

Jumamosi, 8 Juni

Fedheha!

Watu wamejaa zahanati. Mfaume kaingia anaimba, kaupita mzinga wa Tekla kama hauoni, kakwapua changu! Kakiinua juu, kaonyesha matundu ya sindano pale alipokuwa. "Jamani, mtani kanizika hata sanda hakuninunulia!" Watu wakasogea kujitafuta. Bundala akajitafuta. Kwaya nzima ikajitafuta. Nikacheka mpaka mbavu zikauma, maana kununa marufuku. Nimenunia moyoni.

Mfaume katoka na Limbu wangu kwapani. Ukutani umepanda mzinga. Tekla kaniuliza kwa upole kama naumwa, maana zahanati ndiyo hii.

Mwalimu kanivuta pembeni. Kasema yule mpagazi angekuwa peke yake, ukuta ungekuwa wangu. Yeye alinisubiri nimwone mwenyewe. Nikamwambia mimi nimemwona tangu sijazaliwa.

Jumapili, 9 Juni

Nimekomboa. Sharti la Mfaume: nimrudishe, tena amsaidie babu kubeba. Nimemtarizi. Limbu kashika pembe mbele, Mfaume kashika nyuma, na tumbo lake. Eti kapendeza. Babu yangu alibeba peke yake mpaka baharini!

Baada ya misa mwalimu kanipitia. Wodi ya wazazi nayo ina ukuta mtupu. Nianze upya, Limbu tu. Nimemwelewa vizuri sana. Nimeshanunua merikani.

Limbu tu. Na njia yake, maana atatembea juu ya nini? Na wapagazi wenzake, asiogope. Na vijiji alivyolala, na waliompikia. Itafika mita nne, kila mtu na pua yake.

Mfaume hayumo.