Jinsi Laban Mkata Vitunguu Alivyotundika Pazia Pasipo Msumari wala Sindano

Wallahi, na kwa wasioapa hivyo, haki ya Mungu, kila neno litakalotoka hapa ni kweli tupu, halijatiwa chumvi hata ile ya kuonja. Msimulizi wenu, Mzee Lewa, mstaafu wa kinu cha pamba, hana sababu ya kusema uongo. Pensheni yake ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Basi sogeeni, enyi watu wa Muyeye mnaoketi kwa Faki muuza kahawa. Wewe Abdalla, ziache hizo kete za bao, zitakungoja. Nawe Dena, usikipulize hicho kikombe kana kwamba kina malaria. Tegeni masikio msikie habari ya vita vilivyopiganwa juzi Jumamosi, katika mwezi wa pili wa mwaka huu wa themanini na sita, mchana kweupe, nyuma ya duka la mafuta ya taa, na wengi wenu mlipita hapo mkinunua mafuta wala hamkujua.

Palikuwa na mtu, jina lake Laban wa Mutuku, Mkamba wa Kangundo, mpishi msaidizi katika hoteli moja ya ufuoni. Simba wa vitunguu, bwana wa kisu kifupi, mtu ambaye hulia asubuhi nzima wala hakufiwa na mtu. Laban huyo amepanga vyumba viwili kwa Bi Shekha, kimoja cha mbele na kimoja cha ndani, na baina ya vyumba hivyo pana uwazi wa mlango usiokuwa na mlango, kwani mlango wenyewe uling'olewa zamani ukawa meza. Humo ndani alilala mkewe, Kasiva, aliyejifungua mtoto wa kiume juma lililotangulia, akapewa jina la babu yake, Mutuku, naye tangu ajifungue hakupata usingizi wa kutosha hata kuota ndoto moja ikaisha.

Asubuhi ya siku ile kondakta wa basi la kwanza alishuka na salamu mdomoni: mama yake Kasiva, Mama Nduku, yuko njiani kutoka Kangundo, amelala Mombasa, na alasiri atakuwa Malindi, aje amwoshe mjukuu na kumkanda mzazi mgongo.

Sasa fahamuni jambo hili, enyi watu wa pwani. Kwa Wakamba, mtu na mama mkwe wake hawaonani ovyo. Haya iliyo kati yao huiita nthoni, nayo ni nzito kuliko gunia la pojo. Mama mkwe hakanyagi nyumba ambayo jicho la mkwewe laweza kufika penye kitanda atakacholalia yeye. Akikuta pako wazi, hatagomba, hatalia. Atageuka na furushi lake na kurudi alikotoka. Mama Nduku alikwisha fanya hivyo huko Athi River, kwa mume wa binti yake mkubwa, na hadi leo yule bwana hutajwa katika harusi za ukoo kama onyo.

Kasiva akainua kichwa kitandani, akanena kwa sauti ya mtu asiyekuwa na nguvu za kurudia neno:

"Baba Mutuku, mama akigeuka pale mlangoni, mimi nageuka naye. Nitambeba huyu mtoto, nitapanda basi lilelile, na wewe utabaki hapa ukae na vitunguu vyako."

Laban akasimama katikati ya chumba, akautazama ule uwazi, na uwazi ukamtazama yeye. Akasema, "Mke wangu, kabla jua halijapinda, pazia litakuwa limesimama, ama mimi nitakuwa nimelala." Maneno makubwa hayo kwa mtu aliyevaa champali za mpira.

Akaenda sokoni kwa hatua ndefu. Akaona doti ya leso, nyekundu kwa nyeusi, leso mbili zingali zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani, hazijakatwa, hazijapindwa. Akaishika, akaipima unene kwa vidole, akaiinua juani kuona kama jua litapita, jua halikupita. Akainunua. Maneno yaliyoandikwa juu yake hakuyasoma, kwani kwao bara nguo husomwa bei tu.

Akarejea na leso begani, msumari mdomoni, nyundo mkononi. Na hapo kizingitini, kama ngome iliyoota miguu, amesimama Bi Shekha mwenye nyumba.

"Shikamoo, Bi Shekha."

"Marahaba. Hiyo nyundo nipe mimi."

"Bi, ni msumari mmoja tu, tena mdogo."

"Mdogo! Ewe kijana wa bara, nisikilize. Ukuta huu ni wa udongo na mawe, umevikwa chokaa na marehemu baba yangu kwa mikono yake miwili. Mpangaji aliyekutangulia alipiga msumari mdogo kama huo, atundike kalenda. Kalenda ikabaki pale pale na msumari wake. Kilichokuja chini ni ukuta."

Laban akasalimisha nyundo, akautema msumari. Ndipo Kasiva akasema kutoka ndani, "Basi nipeni sindano nipinde ncha, tupitishe kamba," na Bi Shekha akajibu bila kugeuka, "Mzazi hashiki sindano katika nyumba yangu mpaka arubaini itoke. Lala." Fundi wa cherehani, Simeon, alikuwa amekwenda Rabai kwenye matanga, na mlango wake una kufuli. Laban mwenyewe, ajapokuwa aweza kukata gunia zima la vitunguu huku akitazama kwingine, kila alipoliangalia tundu la sindano aliona matundu mawili.

Hivyo ndivyo shujaa alivyokatwa silaha zake zote mbili kabla ya adhuhuri.

Shambulio la kwanza lilikuwa la gundi. Akapika uji wa ngano, mzito, akaupaka juu ya mlango, akaibandika leso kwa viganja, akarudi nyuma hatua chache, akakunja mikono. Leso ikashika. Ikashika tena. Kisha ikashuka taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeketi, na kuku wa Bi Shekha wakaingia kula ngano ukutani. Wakafukuzwa kwa hasara.

Wakati huo Mama Nduku alikuwa Kilifi, kwenye foleni ya feri, kwani upande wa pili magari yalikuwa mengi na feri ilikuwa moja. Aliketi juu ya furushi lake kando ya basi, akimenya ndizi kwa utulivu wa jemadari ajuaye kwamba mji hauna pa kukimbilia.

Shambulio la pili: Laban akang'oa mpini wa fagio la mkewe. Akili ilikuwa hii, nayo si haba: mpini ukikazwa kati ya kuta mbili za ule uwazi, juu, utajishikilia wenyewe, na leso itatupwa juu yake kama taulo begani, nusu huku, nusu kule. Akaupandisha. Lo! Mpini ulikuwa mfupi kwa vidole viwili. Ukaanguka ukampiga paji la uso. Akaupandisha tena. Ukampiga palepale, kwa maana ulikwisha pajua.

"Usitie kipande cha mti," akaonya Bi Shekha, aliyekuwa ameketi juu ya kinu akichambua mchele na vita. "Mti utanikwangulia chokaa."

"Nitie nini basi, Bi?"

"Mimi nijue? Pazia ni la mkweo. Wangu alikufa."

Laban akaketi chini, miguu mbele, akavitazama vidole vya miguu yake kama mtu anayeaga jamaa. Na hapo, enyi wasikivu, akaziona champali zake. Mpira mtupu. Laini, lakini shupavu. Hubonyea, lakini hurudi. Na unene wa kisigino, vidole viwili kasoro kidogo, zikiwa mbili ni zaidi. Zilikuwa mpya, za bluu, hazijamaliza mwezi. Akachomoa kisu chake kifupi. Hakusita, ama alisita kidogo tu, akaikata moja kisigino, akaikata na ya pili. Akavivika vile visigino kwenye ncha za mpini kama vile farasi wa sultani avikwavyo kwato, akapanda juu ya stuli, akausukuma mpini kwa bega, akapiga ukelele uliomwamsha mtoto, na mpira ukajibana, ukaguna, ukaing'ata chokaa bila kuikwaruza. Mpini ukakaa.

Akaitupa leso juu yake. Ikateremka pande zote mbili, nyekundu kwa nyeusi, imara kama lango la Fort Jesus, ikabakisha nafasi ya kuonyesha miguu tu, na miguu si aibu.

Bi Shekha akainuka kwenda kuukagua ushindi. Leso ilikuwa imening'inia kwa urefu, kwa hiyo maandishi yake yalisimama wima. Ikambidi alaze kichwa begani kama kuku anayemtazama mwewe. Akasoma. Akalaza kichwa upande wa pili, labda atakuta maneno mengine.

"Laban. Umesoma leso hii?"

"Nilipenda rangi, Bi."

"Rangi! Watu wamepewa talaka kwa rangi hiyo. Imeandikwa, ULIYEKUJA BILA HODI RUDI BILA KWAHERI. Hii huinunua mtu mwenye vita vyake, akaivaa akapita nayo mlangoni kwa hasimu wake. Nawe umemtundikia mkweo, safari ya siku mbili!"

Damu ikamtoka Laban usoni ikaenda kusikojulikana. Akakimbilia chumba cha ndani kuona upande wa pili. Upande wa pili nao ulisema vilevile, kwani doti ni leso mbili, na neno lake hulisema mara mbili. Akanyoosha mkono aivute chini. Na mkono ungali hewani, sauti nene ikaja kutoka nje:

"Hodi! Hodi hapa! Hodi wenyewe!"

Laban akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, kama ilivyo adabu, akajificha uani, akalitazama dirisha kwa jicho moja. Basi kama Mama Nduku angegeuka kuondoka, Laban angeona mgongo wake tu.

Mama Nduku akaingia na furushi kichwani. Akasalimiana na Bi Shekha. Akasimama mbele ya pazia. Akakilaza kichwa, furushi na vyote, wala furushi halikuanguka, akaanza kusoma kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Mama," akadakia Bi Shekha, "hiyo yasema karibu."

"Bibi, mimi nimesoma gumbaru, shule ya watu wazima, hata nikapewa cheti. Karibu naijua. Ni fupi."

Hata wale kuku wakaacha kuchakura. Ndani, Kasiva alikwisha mkumbatia mtoto na kukaa kitako, tayari kwa safari. Kidole cha Mama Nduku kikafika mwisho wa neno la mwisho. Akalishusha furushi. Akalishika kwa mkono wa kushoto. Laban, kule uani, akafumba jicho lake moja.

"Nilipiga hodi mara tatu," akasema Mama Nduku. "Kwa hiyo hapa sijatajwa mimi."

Akaikamata leso, akaivuta kando kwa nguvu za mwanamke aliyelima vilima vya Kangundo maisha yake yote. Mpini ukalia. Visigino vikalia. Ukuta wa marehemu ukapumua vumbi jembamba. Lakini mpira ukashika, naye akapita, leso ikajifunga nyuma yake, na kutoka upande wa pili ikasikika sauti ikisema, "Lete huyo mtoto. Wewe lala." Na Kasiva akalala kabla neno halijatua.

Huo ndio ushindi wa Laban, na uandikwe. Hakuna chokaa iliyomwagika, hakuna uzi uliopita kwenye nguo. Watoto watakaozaliwa Muyeye wataonyeshwa mlango ule, wataambiwa, Hapa mpishi alisimama dhidi ya ukuta, akaushinda kwa viatu vyake. Na hata saa hii tunapozungumza, enyi wanywaji, pazia lile liko palepale, halijateleza hata unywele, wala halitashuka mpaka...

Msimulizi wenu alipofika hapo, Dena akakohoa. Faki akaacha kumimina. Maana barabarani alikuwa anakuja Mama Nduku mwenyewe, amejifunga leso moja kiunoni na nyingine begani, nyekundu kwa nyeusi, zimekatwa na kupindwa vizuri, na maneno yamelala sawasawa mgongoni kwake, kila mtu asome bila kupinda shingo.

"Hamjambo? Studio ya picha iko wapi?" akauliza. "Kwetu kuna mwanamke, Jedida, anaingia jikoni kwangu anachota chumvi kama ya mama yake. Nataka nipigwe picha na nguo hii, kondakta ampelekee. Nilikuwa natafuta maneno hayo tangu mwaka juzi."

"Na pazia, mama?" akauliza Abdalla, huku akimtazama Mzee Lewa.

"Pazia gani? Nimelishusha asubuhi, yule Simeon amerudi amenikatia. Mlango uko wazi. Mkwe wangu yuko uani, amekaa juu ya kinu, haingii, na mimi sirudi ndani mpaka kitundikwe kitu."

"Mzee," akasema Dena, "si uliapa? Kwa viapo viwili?"

"Niliapia ya Jumamosi," akasema Mzee Lewa.

"Ulisema hata saa hii. Tulisikia sote. Faki, ulisikia?"

"Nilisikia," akasema Faki, "na kahawa ya leo nzima atanilipa yeye."

Mzee Lewa akainuka, akanyoosha mkono, akataka kunena juu ya udhaifu wa wanadamu na ugumu wa historia. Lakini Mama Nduku alikuwa hamsikilizi. Alikuwa anaitazama shuka kubwa ya mistari iliyokuwa mabegani mwa mzee, aliyopewa siku aliyostaafu. Akaishika pindo, akaipima unene kwa vidole, akaiinua juani.

"Hii ina maneno?"

"Haina, mama."

"Basi itafaa," akasema, akangoja.

Mzee Lewa akaivua.