Sherehe Simpo kwa Mama Chepngetich

Noah Chepyegon alikuwa akila chapati na maharagwe katika hoteli moja ya Sotik, siku ya soko, kazi ilipomjia. Hakuitafuta. Ilitoka yenyewe meza ya nyuma, ambako wanawake wawili waliokuwa wametoka kuuza maziwa walikuwa wakimzungumzia mjane mmoja wa kule juu mlimani, Rodah, Mama Chepngetich.

"Msichana wake ana koito Jumamosi ya wiki kesho," alisema mmoja. "Wakwe watatoka Kapkatet kuja kumposa na kuzungumza mambo ya ng'ombe."

"Huyo hana shida," alijibu mwenzake. "Ile nyumba iko na makochi ya watu saba, televisheni kwa kabati lake, redio ya kaseti, na saa ya ukuta. Marehemu alikuwa supavaisa wa majani chai. Sisi hata hatuingii sebuleni, tunachungulia tu mlangoni."

Chepyegon aliacha kutafuna. Akaomba chai nyingine, ili asikilize kwa heshima.

Tuseme ukweli juu ya mtu huyu. Alikuwa na suti moja ya kijivu, mkoba wa ngozi usiokuwa na kitu ndani, na sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Alikuwa amewahi kuuza mbolea iliyokuwa jivu, na dawa iliyokuwa jivu hilohilo. Lakini mwaka huo wa tisini na sita ndipo alipogundua kipaji chake halisi, nacho kilikuwa kupamba nyumba za watu siku ya sherehe. Wezi wa kawaida huvunja mlango. Chepyegon alifunguliwa mlango, akapewa chai, kisha akaombwa kwa upole avitoe vitu yeye mwenyewe.

Siri ya kazi ilikuwa neno moja: simpo. Kila mwenye nyumba nzuri vijijini alidhani sherehe hupendeza kwa kuongeza vitu. Chepyegon alimfundisha kwamba hupendeza kwa kuvitoa. Vikishatoka, vilihitaji mahali pa kukaa, na Chepyegon alikuwa na rafiki mwenye pikapu.

Kesho yake alipanda mlima hadi kwa Rodah, suti imepigwa pasi.

"Chamgei, mama."

"Chamgei, mwanangu. Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Rodah alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho matulivu, aliyefunga leso kichwani kama anayekwenda kanisani. Alimketisha barazani kwenye kiti cha mbao. Kando yake alikuwa jirani yake na rafiki yake mkubwa, Bitutu, mama mnene aliyehamia huko kutoka upande wa Kisii zamani za kale, akifuma kitambaa bila kuangalia mikono.

Kutoka pale barazani Chepyegon aliweza kuona sebuleni. Kila kitu kilikuwa kimefunikwa vitambaa vya kufuma, vyeupe kwa vya buluu. Makochi yamefunikwa tangu mgongo hadi sakafuni. Redio ina kitambaa chake, na kabati la televisheni, milango imefungwa kwa kufuli, lina vitatu. Ni saa tu iliyokuwa wazi, nayo ilikuwa imesimama.

"Usione nimekuweka hapa nje," Rodah alisema. "Hayo makochi ni ya wakwe. Hata pasta huketi kwa hiki kiti chako."

Chepyegon alifurahi sana. Alipenda mali iliyotunzwa.

Akafungua kinywa. Akaeleza kwamba yeye ametumwa na kampuni moja ya Nairobi inayofundisha akina mama kupamba sherehe ndogo nzuri nyumbani. Malipo si neno, kampuni inalipa. Vikombe, vitambaa vya meza, maua, keki, yote yanakuja naye. Yeye anaomba picha tu, za kuonyesha Nairobi.

"Lakini, mama, nikuambie kama mtoto wako," alisema akishusha sauti. "Sebule yako imejaa. Siku hizi watu wakubwa wanataka simpo. Mikeka. Benchi iko na shuka nyeupe. Maua kidogo kwa chupa. Mkwe akiingia aone nafasi, apumue. Hivi vitu tutavitoa, tuviweke kwa pikapu, tufunike turubali, visiguswe na watoto. Jioni tunarudisha."

Bitutu aliacha kufuma. Rodah alimtazama Bitutu, kisha akamtazama mgeni.

"Vyote?"

"Vyote, mama."

"Hata televisheni?"

"Hasa televisheni."

Rodah akainamisha kichwa. Alipokiinua, macho yalikuwa yamejaa machozi. "Nimekuwa nikiomba Mungu usiku na mchana juu ya hii koito," alisema. "Wakwe wakipata aibu kwa hii nyumba, ni msichana wangu ataibeba mpaka huko ameolewa. Sasa Mungu amekuleta wewe."

Chepyegon alizoea kushukuriwa, lakini haya yalimgusa. Alishuka mlima akijiambia kwamba hata kazi yake ina baraka zake.

Wiki ile alitumia akiba yake yote kununua chambo. Vikombe vyeupe vya udongo na sahani zake, shuka, baluni, riboni, na keki ya orofa mbili kutoka Kericho. Mfuko ulibaki mtupu, lakini mkulima gani huogopa kupanda?

Jumamosi asubuhi pikapu ilifika. Dereva wake alikuwa Momanyi, kijana mkubwa wa mabega, mwaminifu kwa kiasi cha mtu wa kazi hiyo. Bitutu alikuwa ameamka mapema kuliko wote, na vitambaa vyote alikuwa amevishonea chini kwa uzi wa gunia, kochi baada ya kochi.

"Ili visipotee njiani," alieleza.

"Njia gani, mama? Ni hapo nje tu," alisema Chepyegon haraka.

"Ndiyo, hapo nje."

Momanyi aliinua kochi la kwanza, akasimama akilishangaa. "Boss, hii kochi ni nyepesi."

"Ni mbao za kisasa," alisema Chepyegon. "Beba."

Kabati la televisheni, kwa upande wake, lilihitaji watu watatu na maombi. Chepyegon alipolishika upande mmoja na kuhisi mgongo ukilia, moyo wake uliimba. Televisheni nzito ni televisheni kubwa.

Vitu vilipotoka, akapamba. Na hapa msimulizi lazima awe mtu wa haki: Chepyegon alijua kazi. Alitandika shuka nyeupe kwenye benchi za kanisa. Alipanga mikeka, akapitisha mmea wa sinendet juu ya mlango kama wanavyofanya watu wenye furaha, akaweka vijiti vya majani chai na maua ya kondeni kwenye chupa za maji. Vibuyu vya maziwa ya mursik alivisimamisha pembeni, kila kimoja na riboni. Meza ikang'aa kwa vikombe. Chepngetich mwenyewe, msichana aliyekuwa hajalala siku tatu kwa wasiwasi, aliingia, akashika mdomo, akamkumbatia mama yake.

"Ni kama nyumba ya mtu mwingine," alisema.

"Ni yetu," alijibu Rodah.

Wakwe walifika saa sita, wakiongozwa na Mzee Kipsang, baba wa bwana harusi, mtu mrefu mwenye kofia na fimbo, aliyejulikana Kapkatet nzima kwa maombi yake. Walisimama mlangoni. Wanawake wao walinong'onezana. Mzee akavua kofia.

"Hapa kuna watu," alisema, na Rodah akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia kwa miezi mingi.

Kisha Mzee akaomba watu wainamishe vichwa.

Huo ndio wakati Chepyegon aliosubiri. Katika nchi ile mtu hafungui macho kabla ya amina, hata nyumba ikiungua, na mzee akianza kuombea mvua, majani chai, serikali na wagonjwa wa hospitali ya Kaplong mmoja mmoja, una nafasi ya kutosha kuhama kata. Chepyegon alitoka kwa ncha za viatu. Momanyi aliachilia breki. Pikapu ilikuwa imeelekezwa bondeni, ikateremka kimya kati ya majani chai bila kuwashwa, na Mzee Kipsang alikuwa bado hajafika kwa wajane.

Baada ya amina, mtoto mmoja alisema pikapu haiko.

Rodah alitoka uani, akatazama alama za magurudumu, akaweka mikono kichwani. Kilio alichopiga kilisikika ng'ambo ya pili.

"Makochi yangu! Marehemu alinunua Nakuru! Televisheni yangu, ile ya rangi!"

"Na friji!" alilia Bitutu.

Rodah alimtazama kidogo. "Na friji yangu!" alilia.

"Na cherehani!"

"Wooi, cherehani!"

Mzee Kipsang alikuwa amekaa kwenye benchi, uso umemshuka. Alikuwa mtu wa dhamiri, na dhamiri ilimwambia jambo moja tu. "Ni mimi," alisema polepole. "Ningeomba kwa ufupi, huyo mtu hangepata nafasi. Mama amevunjiwa nyumba na maombi yangu."

Wenzake walijaribu kumtuliza, lakini hawakusema uongo kwamba maombi yalikuwa mafupi.

"Kabla hatujazungumza ng'ombe," Mzee aliendelea, "watu wa Kapkatet watarudisha makochi ya huyu mama. Na hiyo televisheni. Hatuwezi kuchukua msichana kwa nyumba tuliyoacha tupu."

Koito ikaendelea vizuri kuliko koito nyingi. Wakwe walikuwa wapole mno hata hawakubishana.

Jioni, Rodah na Bitutu walikuwa jikoni wakiosha vikombe vipya, mlango umefungwa.

"Cherehani ilitoka wapi?" aliuliza Rodah.

"Ilikuja tu. Nilikuwa nimeshikwa na uchungu."

Rodah alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia kidogo, kilio cha kweli. Makochi halisi alikuwa ameyauza tangu Chepngetich alipoingia chuo cha ualimu. Televisheni iliondoka muhula wa pili, redio muhula wa tatu. Kila kitu kilipoondoka, Bitutu alikuja na misumari, vibanzi vya mbao na magunia ya maganda ya mahindi, akatengeneza umbo lake, wakalifunika kitambaa. Mlima mzima uliendelea kuchungulia mlangoni na kuheshimu. Lakini mkwe huwezi kumwambia achungulie. Mkwe lazima aketi, na yale makochi yasingebeba hata kuku.

Basi Bitutu alikuwa amesikia kwa dada mmoja wa kanisa kule Litein kwamba kuna bwana wa suti ya kijivu anayepamba sherehe simpo, na kwamba tangu alipompambia, huyo dada hajaona kabati lake. Walipomwona Chepyegon akipanda mlima, walimwekea chai jikoni kabla hajabisha hodi. Mwanamke aliyeuza vitu vyake ni maskini. Mwanamke aliyeibiwa vitu vyake ni tajiri aliyepatwa na mkosi, na watu humwonea huruma wakiwa wamesimama kwa heshima.

Wakati huohuo, Chepyegon alikuwa peke yake katika stoo aliyokodi Kaplong. Momanyi alikuwa ameshusha mzigo na kwenda zake, wagawane kesho baada ya kanisa. Chepyegon alikata uzi wa kochi la kwanza. Maganda ya mahindi yakamwagikia viatu. Akakata la pili, la tatu, akikata kwa haraka zaidi, kisha akavunja kufuli la kabati. Ndani, limefungwa kwa blanketi safi, lilikuwa jiwe la kusagia wimbi.

Alilitazama kwa muda. Lilikuwa jiwe zuri.

Momanyi alifika Jumapili mchana akiwa bado na tai ya kanisani. Hakusalimu. Akazunguka stoo akihesabu kwa kidole.

"Friji iko wapi?"

"Friji gani?"

"Boss, usinichezee. Pasta ametangaza leo. Televisheni ya rangi, friji, cherehani. Watu walilia. Mimi mwenyewe nililia."

"Momanyi, hakukuwa na friji! Wewe ndiye ulibeba!"

"Nilibeba vitu vimeshonwa. Sikufungua. Wewe ndiye umelala navyo." Alipiga teke gunia la maganda. "Unanionyesha takataka na jiwe, eti ndiyo mali ya supavaisa?"

"Ndiyo mali yenyewe! Naapa! Yule mama ni mwongo!"

Momanyi alimtazama kwa huzuni nyingi. "Mama mjane analia mbele ya kanisa," alisema, "na wewe mwenye uliuza jivu. Niambie wewe mwenyewe, niamini nani?"

Chepyegon alifikiria kwenda polisi kuapa kwamba televisheni aliyoiba haikuwa ya rangi, akaona kwamba hilo nalo lina matatizo yake.

Momanyi alichukua mkoba wa ngozi. Akachukua koti la suti, akalipima mabegani, likakubali. Akachukua na viatu, akavikung'uta maganda.

"Hii ni ya petroli," alisema akiwa mlangoni. "Nitarudi Jumatano na ndugu zangu wawili. Televisheni uchukue wewe, mimi sina roho mbaya. Mimi nataka friji."

Pikapu ikaondoka. Chepyegon alibaki ameketi juu ya jiwe, na baada ya kulia kidogo alianza kufikiria, kwa makini ya mtu wa kazi, ni wapi kati ya Sotik na Kericho anaweza kupata friji.