Faili la Mkwe Wangu Lirekebishwe

Dover, Ohio
Desemba 2

Kwa Mkurugenzi wa Usajili wa Wachezaji

Mheshimiwa,

Mimi ni Roberta Hlavaty, mke wa Leonard, skauti wa klabu yenu, msaka wachezaji wapya, kwa mwaka wa ishirini na sita sasa. Sijawahi kuwasumbua, hata mlipomtuma Nebraska siku niliyojifungua. Leo nakuandikia kwa heshima zote, na kwa hasira.

Miaka sita iliyopita Leonard alikwenda chuo kimoja hapa Ohio kumpima mchezaji wa ulinzi aitwaye Tobias Engle, kama anafaa kucheza futiboli ya Kimarekani ya kulipwa, ile ya kuangushana. Aliandika: "Mwili upo. Roho ya vita haipo. Akimwangusha mtu anamwomba radhi. Asichaguliwe." Hamkumchagua, wala klabu nyingine haikumtaka. Kijana akaenda kufundisha hisabati. Hapo sina neno, ndiyo kazi yenu.

Sasa Tobias anataka kumwoa binti yetu Corinne. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikukuu ya Shukrani kijana aliingia na maua, mimi nikiwa namkata bata mzinga. Leonard hakumpa hata kiti. Alileta mzani wa bafuni na tepu ya kupimia. "Simama hapo. Nyoosha vidole." Tobias akasema kwa upole, "Mzee, nimekuja kuposa, sikuja kusajiliwa." Mume wangu akamjibu, "Ndiyo maana hukusajiliwa." Corinne aliondoka mezani analia.

2. Kabla hatujakata pai, alimtoa nje kwenye theluji akimbie yadi arobaini, kutoka gereji yetu hadi kwa jirani, Bi Pfeiffer. Bi Pfeiffer, mwenye miaka themanini na moja, alitoka kushangilia. Kijana alitumia sekunde tano nukta tatu, tena kwa viatu vya kanisani. Leonard akatikisa kichwa: "Amepungua mbio." Mheshimiwa, Leonard aliponioa hakuna aliyempima mbio. Angepimwa, hadi leo ningekuwa kwa mama yangu.

3. Amemhoji mwalimu mkuu wa Tobias, kinyozi wake, na msichana aliyekaa naye dawati moja darasa la nane. Wote wamemsifu. Leonard akaandika: "Anapendwa mno. Inatia shaka."

4. Nilipomwambia atoe baraka zake, alisema faili lilishafungwa na wa kulifungua ni Mkurugenzi peke yake. Nikamuuliza, "Na mimi je, ningekuja leo ungenichukua?" Alifikiri, Mheshimiwa. Alifikiri! Kisha akasema, "Mkataba wa mwaka mmoja, tuangalie magoti." Tangu hapo analala kwenye kochi.

Mnawatazama vijana hawa siku mbili, mnaandika mistari mitatu, nao wanaishi na mistari hiyo maisha yao yote. Kwa hiyo naomba uandike katika faili kwamba Tobias anayo roho ya vita. Kama kanuni zinakataa, msajilini kwa siku moja tu, avae jezi, amwangushe mtu bila kumwomba radhi, kisha mumwachie aje aoe. Hilo nalo likishindikana, mpimeni Leonard upya, kwa mzani uleule, na matokeo yabandikwe ukutani kwenu.

Nisalimie wote hapo ofisini, mabinti wa mapokezi, na yule mzee wa kufua jezi ambaye mgongo ulikuwa ukimsumbua.

Wako, mwenye subira iliyobaki kiganjani,
Roberta Hlavaty

N.B. Tafadhali faili lisiguswe. Corinne amenipigia simu sasa hivi: wamefunga ndoa asubuhi hii mahakamani, na shahidi alikuwa Leonard! Inasemekana jana Tobias alimfuata gereji akamwambia, "Mzee, uliandika kweli. Nisingemaliza hata msimu mmoja, na leo ningekuwa na kichwa kibovu kwa kugongwa." Miaka ishirini na sita hakuna mchezaji aliyewahi kumwambia mume wangu hivyo. Mahakamani alilia mpaka karani akampa kitambaa.

Jambo moja la mwisho. Binti yetu mdogo, Judith, ametuletea mchezaji wa chuo, mrefu, mwenye meno mazuri kupita kiasi. Nitumie faili lake lote kabla ya Jumapili, hasa ukurasa unaoeleza hasira zake. Leonard asijue. Tepu ninayo mimi.