Naomba Nirudishiwe Roboti Zangu

Kwa Mheshimiwa Mpwa,
Mtunza Tovuti ya Duka la Mjomba Wako, Fundi Saa.

YAH: KUFICHWA KWA ANWANI YANGU YA BARUA PEPE

Mpwa wangu,

Natumaini hujambo, na dada yangu, yaani mama yako, naye hajambo. Mimi ni mzima, ila nimenuna.

Miezi miwili iliyopita ulikuja dukani, ukasukuma saa za wateja pembeni, ukakalia kigoda changu na kunieleza kwamba kuna roboti zinazozurura mtandaoni zikiokota anwani kwenye tovuti za watu, ili wenye roboti hizo watumwagie barua taka. Ukaificha anwani yangu. Ukabonyeza na vitu vingine ambavyo sikuuliza ni nini, ukanywa chai, ukaondoka. Nilikushukuru. Shukrani hiyo naomba unirudishie, kwa sababu zifuatazo:

1. Ukimya. Zamani nikiwasha kompyuta asubuhi nilikuta watu wananingoja. Mjane wa jenerali aliniita "kipenzi". Meneja wa benki hakupata usingizi mpaka nimjibu. Daktari mmoja aliyahangaikia magoti yangu kuliko marehemu mke wangu alivyowahi kuyahangaikia. Hela yangu hawakupata, maana sina. Lakini waliamka wakinifikiria. Siku hizi nafungua, nakuta patupu.

2. Wateja. Anwani umeigeuza picha, na ili mtu aione lazima kwanza athibitishe kuwa yeye si roboti kwa kuchagua picha zenye baiskeli. Mwalimu mstaafu, mteja wangu wa tangu enzi, ana mtoto wa jicho. Alichagua mbuzi. Alikuja kwa miguu, amefura, akaniuliza, "Fundi, mimi na wewe tumefikishana huku?" Ilibidi nimtengenezee saa yake bure ili atulie.

3. Haki. Roboti iliyonitembelea kila siku imefungiwa mlango. Lakini ndugu wa damu, mwenye anwani yangu, aliyeificha kwa mikono yake mwenyewe, hajaniandikia hata mstari mmoja tangu siku ile. Sasa niambie, mashine hapo ni nani? Nimeumia, mpwa, na sioni aibu kusema.

Kwa hiyo naomba anwani irudishwe juu kabisa ya tovuti, kwa herufi nyekundu, pamoja na namba yangu ya simu, siku yangu ya kuzaliwa na hali ya magoti. Roboti ziombwe radhi kwa usumbufu. Na lile fumbo la baiskeli lihamishiwe kwenye simu yako, uwe unathibitisha kila wiki kwamba wewe ni binadamu.

Nisalimie mkeo, watoto, majirani, na yeyote hapo anayenikumbuka.

Ni mimi, kwa heshima zote na kwa hasira kidogo,
Mjomba wako, mwenye duka lisiloandikiwa.

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta kwenye kompyuta sanduku lako la posta ili nitume barua hii, nimebonyeza kwa bahati mbaya mahali palipoandikwa "Taka". Kumbe siku ile uliniwekea na chujio la barua taka! Wamo wote humo: mjane, meneja, daktari. Na katikati yao umo wewe, barua tatu. Ya kwanza ina kichwa "HONGERA MJOMBA!!! UMECHAGULIWA! CHUMBA BURE!" Mpwa, na utani wako huo, hata mimi ningekuwa chujio ningekutupa humo humo. Nimeisoma. Mmehamia nyumba yenye chumba cha ziada, na watoto wamekataa kiwe stoo, wanasema ni cha babu. Ya mwisho unasema, "Naona bado unatafakari, mjomba, sitakusukuma." Sikuwa natafakari, mwanangu. Nilikuwa nakusubiri uniandikie.

Anwani iache ilivyo. Nakuja Jumamosi na meza yangu ya kazi. Waambie watoto waniachie nafasi karibu na dirisha, saa ndogo zinataka mwanga.