Basi la Televisheni Limetupita

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Siku imeanza vizuri. Misa, kwaya, chai na maandazi. Kisha ikaharibika.

Kile kipindi cha televisheni cha Jumamosi asubuhi, kinachotembelea vyuo na basi lake jekundu kabla ya mechi, kimetangaza kinakwenda wapi wiki hii. Si kwetu! Chuo cha mwanangu Ezekiel hakijafungwa tangu msimu uanze. Na huu ni mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kuangushana, si jambo dogo kutofungwa. Bado basi linatupita kama halituoni, linavuka mto Potomac kwenda Virginia, kwenye chuo cha mtoto wa Mama Kip, yule Mkenya mwenye majivuno. Mama Kip! Wa watu wote!

Tatizo ni kwamba nilishatangaza. Jumuiya nzima inajua. Wenzangu wa kufua shuka hotelini National Harbor wanajua. Na mama yangu, kule Marangu, nilimwahidi kwamba Jumamosi atamwona mjukuu wake kwenye televisheni akipuliza tuba, lile tarumbeta kubwa analojivika mwilini kama chatu. Mama ameshaalika majirani. Ameazima viti vya kanisani.

Nimempigia Ezekiel. Amenijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hilo basi halimhusu. Kinachomhusu ni kuwa Jumamosi wakati wa mapumziko atapiga peke yake katikati ya uwanja. Mara ya kwanza tangu aingie kwenye bendi! Ameniomba kitu kimoja tu. Niwepo, nimsikie.

Nikamwambia, mwanangu, nitakuwepo mpaka ushangae. Kisha nikamuuliza kama ana namba ya mtu yeyote wa televisheni.

Jumatatu, 6 Oktoba

Kundi la wasap la wazazi limewaka moto. Baba mmoja anasema tumerukwa kwa sababu uwanja wetu ni mdogo. Mwingine anasema basi haliwezi kukata kona ya geti letu. Mama mmoja anasema ni siasa, hakufafanua siasa gani. Jabari, baba yake Ife anayepiga ngoma kwenye bendi, ameandika: "Wazazi wapendwa, hakika tumedhulumiwa." Jabari ni Mmarekani mweusi wa Landover. Kiswahili alijifunza darasani na anakiongea kama taarifa ya habari. Nampenda sana.

Mimi nikawafungua macho. Nimeishia darasa la saba, lakini mambo ya watu nayajua. Nikaandika kwamba televisheni ni kama wakwe. Wakwe hawaji kwako hivihivi. Unatuma mshenga, anaongea kwa heshima, ndipo wanakuja. Kundi likanyamaza. Nikajua wameelewa.

Kwa hiyo nimeunda Kamati ya Kuikaribisha Televisheni. Mwenyekiti, mimi. Katibu, mimi. Wajumbe, Jabari na Mzee Gregori. Mzee Gregori alikuwa dereva wa ubalozi mpaka alipostaafu. Ana suti, ana van, ana sauti. Mshenga tayari!

Jumanne, 7 Oktoba

Mshenga amerudi. Mikono mitupu.

Alikwenda mjini kwenye ofisi za televisheni na suti yake ya mistari na kreti la soda. Mlinzi akamuuliza ana shida gani. Mzee Gregori, maana posa ni posa, akamweleza kwa Kiingereza cha ubalozi kwamba tumepita hapa nje, tumeona ua zuri bustanini kwao, tunaomba tulichume. Mlinzi akamwambia maua ya bustani ile ni mali ya jengo, asiguse.

Mzee Gregori akakaa. Mshenga haondoki bila jibu. Amekaa mpaka ofisi zimefungwa. Soda zimenywewa na walinzi. Amerudi na stika ya mgeni kifuani na hataki kuitoa. Anasema ni dalili kwamba mazungumzo yameanza.

Jumatano, 8 Oktoba

Mama Kip amekuja Oxon Hill kunisalimia. Kunisalimia! Ametoka Bowie, kwenye lile jumba lao lenye nyasi mbele na nyasi nyuma, kuja kunionyesha kofia ya kijani ya chuo chao. Nikampa chai. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Ati anasikia vibaya vile tumeachwa. Ati si makosa yetu, televisheni inapenda tu mahali kuna mambo. Nikamuuliza mambo gani. "Wacha, Mama Ezekiel! Sisi tuko na mbuzi!"

Akaanza kunieleza huyo mbuzi. Kwao bila mbuzi hakuna mechi. Mbuzi hutangulia mbele ya watu wote, umati unapiga makofi, unaimba. Ametengenezwa vizuri, amepambwa kijani kuanzia shingoni. Televisheni ikimwona mbuzi inasahau hata wachezaji. Na mwanawe Kipngetich ndiye amechaguliwa kumshika.

Nilimhurumia. Kumbe miaka yote hii anajisifu mtoto yuko chuo kikuu, kijana yuko jikoni anashika mbuzi! Nikamwongezea sukari. Sikutaka kumwaibisha.

Lakini akili yangu ilikuwa inakimbia. Mbuzi mzima anaingizwa mbele ya watu, kapambwa majani ya kijani, makofi, nyimbo? Hiyo ni ndafu, mbuzi wa kuchomwa mzimamzima! Hao Wazungu wanaingiza ndafu kama sisi kwenye harusi! Na nani katika mkoa huu mzima wa Washington anajua ndafu kuliko mimi, Flaviana, mtoto wa Marangu? Wakenya watamfundisha nani ndafu?

Jumamosi watapata mbuzi wa pili. Mzuri kuliko wao.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mpango umekamilika. Televisheni haiji kwa Ezekiel, basi Ezekiel atakwenda kwa televisheni, juu ya kifua changu.

Nimechapisha fulana zenye picha yake. Zambarau, rangi ya chuo chetu. Zimetoka nzuri sana. Kasoro moja, tuba imeziba uso, kwa hiyo anaonekana tuba na miguu. Lakini bibi yake atamjua kwa miguu. Ni ya ukoo wetu.

Asubuhi tunaingiza ndafu Virginia, kamera inatugeukia, Marangu wanamwona Ezekiel. Mchana tuko chuoni kumsikia. Mechi ni saa tisa na nusu. Muda upo tele!

Nimemweleza Ezekiel kwa simu, kijuujuu. Akauliza kwa nini nisiende tu moja kwa moja kwenye mechi. Huyu mtoto hana jicho la kuona mbali. Kachukua kwa baba yake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumemchoma mbuzi kutwa nyumbani kwa Jabari, kwenye lile pipa lake la kuchomea nyama analolithamini kuliko gari. Aliuliza, "Mama mheshimiwa, je, mnyama huyu atakatwa vipande?" Nikamwambia ukimkata vipande tu nakuvua ujumbe wa kamati. Ndafu ametoka mwekundu, anang'aa, amepiga magoti kwenye sinia kama anasali. Nimempamba saladi mpaka shingoni. Mdomoni nimemwekea kishada cha majani mabichi, kama inavyotakiwa.

Mzee Gregori alipomwona akavua kofia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niandike kwa mpangilio.

Tumefika Virginia asubuhi, ndafu amefungwa mkanda kwenye kiti. Umati wote kijani, sisi watatu zambarau. Basi jekundu hilo hapo! Watangazaji juu ya jukwaa, wamekaa mezani! Wanafunzi wakatupisha, nadhani walijua ni wapishi. Nikapiga vigelegele. Mzee Gregori akaanzisha wimbo wa kumwingiza bibi harusi. Mimi na Jabari tumeshika sinia, mbele kidogo, nyuma kidogo, kiuno. Kamera ikageuka! Ikatuangalia sisi! Nikatoa kifua ili Ezekiel aonekane.

Ndipo nikasikia makofi upande wa pili. Watu wakaachia njia. Akaja mbuzi.

Mzima. Anatembea! Beberu mweupe, pembe zimepigwa rangi ya dhahabu, blanketi la kijani shingoni hadi mkiani, anapungiwa mikono kama askofu. Aliyeshika kamba yake, na glavu nyeupe, ni Kipngetich.

Wimbo ukafa. Beberu akamtazama ndafu. Ndafu, maskini, akamtazama beberu. Msichana mmoja aliyejipaka kijani usoni akaanza kulia. Jabari akaninong'oneza, "Mama mheshimiwa, nadhani pana kosa."

Kipngetich, mtoto mwenye adabu, akasema, "Shikamoo, auntie." Nikasema marahaba. Ningesema nini?

Beberu akanyoosha shingo. Taratibu. Akachomoa kile kishada cha majani kutoka mdomoni mwa mwenzake. Akakitafuna. Chote!

Watu wakalipuka! Kicheko, miluzi, kofia hewani. Mtangazaji mwenye tai ya kipepeo akalaza kichwa mezani, mabega yanatikisika. Nikaletewa kipaza sauti. Nikapiga kelele kwamba mimi ni mama yake Ezekiel wa tuba, lakini nani alisikia? Nje ya uzio nikamwona Mama Kip amevuta ile kofia mpya mpaka kidevuni. Baadaye akanitumia ujumbe, "Aki Mama Ezekiel. Mbele ya mbuzi?"

Kurudi, barabara ya Beltway imejaa magari yamesimama. Mzee Gregori aliendesha kama amembeba balozi, yaani polepole. Tumeingia uwanjani kwetu mapumziko yameanza. Nikamwona mwanangu, peke yake, katikati ya majani, anainua tuba.

Na hapohapo mtu akapiga kelele kwamba yule mama wa mbuzi amefika! Wote walishaniona kwenye simu. Sura yangu ikatokea kwenye ile skrini kubwa. Uwanja mzima ukasimama kunishangilia. Sasa ningefanyaje? Nikapunga mkono. Nikapunga na wa pili. Nikainama kushoto na kulia. Nikacheza kidogo, kidogo tu.

Nilipokaa, Ezekiel alikuwa ameshusha tuba. Amemaliza. Sikusikia hata noti moja.

Tumeshinda mechi. Alikuja kwenye maegesho ya magari baada ya kipenga. Hakufoka. Heri angefoka. Huyu mtoto ninayemsemesha Kiswahili tangu tumboni, na hunijibu Kiingereza, leo alinitazama akasema kwa Kiswahili, "Mama, nilikuomba kitu kimoja."



Nikakaa kwenye mlango wa van, pembeni ya ndafu. Nikamwambia, piga. Akauliza, hapa? Nikamwambia piga, baba, nimekaa. Ife akaja na ngoma yake, akaigusa kwa vidole tu. Akapiga. Mimi siku zote nilidhani kazi ya tuba ni kunguruma nyuma ya wenzake. Kumbe inabembeleza. Inaita kama mtu aliye mbali anayejua utaitika. Nikalia kwenye mtandio wangu mpaka ukalowa. Jabari alirekodi, naye akilia kwa Kiswahili sanifu.

Kisha bendi nzima ikaja ikamla ndafu mpaka magoti.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimepiga Marangu. Mama na majirani walikaa kwenye viti vya kanisa mpaka mwisho. Walimwona mbuzi vizuri. Waliniona mimi kichwa na mikono. Ameniambia nimenenepa. Ezekiel hawakumwona kabisa, sinia lilifunika fulana. Majirani wameondoka wakiamini mjukuu wake ni yule mwenye glavu.

Nikaomba radhi. Nikamwekea ile rekodi ya kwenye maegesho, simu kwa simu. Akasikiliza. Ilipokwisha akasema ni kama ng'ombe wake wa zizini anapodai majani. Nikavunjika moyo. Halafu akasema, hebu irudie. Nikarudia. Akasema tena. Mwisho akaomba aongee na Ezekiel mwenyewe, akamwambia amemsikia, televisheni ya nini.

Ezekiel akamjibu, "Asante, bibi." Kiswahili mara ya pili ndani ya siku mbili!

Jumamosi ijayo anapiga tena peke yake. Nimemwahidi nitakaa mapema, mikono mapajani, mdomo nimefunga. Nimeapa. Nimejifunza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Wametangaza. Basi limetupita tena! Na bado hatujafungwa!

Safari hii linakwenda chuo kingine, asubuhi ya siku ileile anayopiga Ezekiel. Kundi la wazazi linatukana na kulia. Mimi nimetulia. Nimekaa na chai yangu, nimepiga hesabu za kichwani, nimegundua kosa letu lilikuwa wapi.

Kosa ni fulana. Picha ilikuwa kifuani, na kifuani ndipo sinia linapokaa. Inatakiwa mgongoni! Mtu akibeba sinia, mgongo uko wazi kabisa.

Nimeuliza pia, kwa uangalifu mkubwa, kama hao nao wana mnyama wao hai, maana sitaki kurudia aibu. Wanaye. Fahali. Kwa hiyo mbuzi hatumpeleki ng'o! Tunakwenda kwa heshima, na kitu kinachofanana na hadhi yao.

Nimempigia Jabari. Akauliza, "Mama mheshimiwa, je, una hakika?" Nikamwambia aache maneno, achukue futi ya fundi, akapime lile pipa lake kwa ndani.